Kutoka Kawangware Hadi Kibera: Habari za Bunduki na Risasi

Katika jina la Kawangware limo neno ngware, ambalo kwa Kikuyu ni ndege kama kwale. Leo kwale haonekani hapo, ila mabati, maduka, magari na watu wengi mno. Lakini jina latukumbusha kwamba zamani upande huu wa Nairobi ulikuwa wa mitego na mishale. Huku ndiko nilikomsikia kijana mmoja, karani mwenzangu, akiuliza ni bunduki gani ya kwanza imfaayo mtu wa mshahara mdogo. Swali lake ni jema, ila alianzia mwisho. Aliuliza bei ya bunduki, wala hakuuliza bei ya risasi.

Mambo ya Dagoretti, karibu na Kawangware, yatosha kumjibu. Mwezi wa Oktoba 1890 Kapteni Lugard alijenga boma huko kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Akaenda zake Uganda, akamwachia boma Bwana George Wilson. Watu wa boma hawakukaa vema na wenyeji, vita vikazuka, na mwaka 1891 Wilson alilazimika kuondoka kwa kuwa risasi zilimpungukia. Bunduki zilikuwapo. Bunduki isiyo na risasi ni rungu, tena rungu zito lisiloshikika vizuri.

Basi anayetaka kununua leo na ahesabu hivi. Kwanza, sheria. Katika Kenya hakuna anunuaye bunduki bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hicho hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi mtu awezazo kuwa nazo. Pili, haja. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Na nyani akila mahindi yako, wa kuitwa ni askari wa Kenya Wildlife Service, si bunduki yako. Mkulima aliyekuwa akiota nyama ya swala na aweke fedha zake kwenye mbolea. Akibaki mwenye haja ya haki, kama kulenga shabaha katika chama kilichoruhusiwa, bunduki ndogo ya .22 ndiyo ya kuanzia: teke lake ni dogo, na risasi zake ni rahisi kuliko za bunduki kubwa, hivyo aweza kujizoeza mara nyingi kwa fedha ile ile. Bunduki ya marisau ni ya ndege, na risasi zake hula fedha upesi. Akipata iliyokwisha kutumika, fundi mwenye leseni na aitazame ndani ya mtutu, maana kutu hujificha huko huku kitako kikimetameta. Na kasha la chuma la kuifungia silaha ni sehemu ya bei, wengi hulisahau.

Ukifuata barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha ukashika ya Ngong kuelekea mjini, Kibera iko mkono wa kuume. Kibra, kwa lugha ya Wanubi, ni msitu. Wazee wengine husimulia kwamba Laini Saba asili yake ni Laini Shabaha, yaani mahali ambapo askari wa King's African Rifles walijifunza kulenga.

Mababu wa Wanubi hao walikuwa askari wa Sudani chini ya Emin Pasha, nao walikuwa na Remington, bunduki nzuri ya risasi moja moja. Khartoum ilipotekwa na jeshi la Mahdi mwaka 1885, njia ya kaskazini ilifungika. Stanley alipofika Ziwa Albert mwaka 1888 alimletea Emin risasi za Remington, zilizobebwa na wapagazi kupitia misitu ya Kongo, na wengi wao walikufa njiani. Nani awezaye kusema risasi moja iligharimu nini? Na risasi ya Remington haikuingia katika Martini-Henry ya Waingereza.

Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wengi wa hao kuingia katika kazi yake. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, kwani mshahara ulikuwa mdogo, ulichelewa, na safari hazikuwa na mwisho. Waliobaki waaminifu na watoto wao waliingia katika King's African Rifles, iliyoundwa mwaka 1902, wakapewa bunduki za .303. Silaha hiyo ilipendwa si kwa shabaha yake tu. Risasi zake zilipatikana popote penye jeshi la Mwingereza.

Askari hakuichagua bunduki wala hakuinunua. Siku ya kustaafu aliirudisha ghalani, akaenda Kibra na ruhusa ya kukaa na kulima, bila hati ya kumiliki. Ardhi iliyotengwa ilizidi ekari 4,000. Miji ilipanuka, nyumba za wengine zikajengwa juu yake, na wajukuu wakadai kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hati ya jumuiya: ekari 288.