Kumfuga Kobe ni Ahadi ya Miaka Mingi

Watu wengi hudhani ya kuwa kobe ni mnyama asiye na kazi. Habweki, haamshi watu usiku, wala hahitaji mchungaji. Akipewa pembe moja ya ua na majani machache, basi yatosha. Kwa dhana hiyo watoto huwaokota njiani, na watu wazima huwapokea kwa kicheko. Mambo hayako hivyo. Kazi ya kila siku si nzito, lakini siku zenyewe ni nyingi mno. Kobe wa madoa, huyu wa nyika zetu, aweza kuishi miaka 75 na zaidi. Kwa hiyo mtu mzima anayemchukua leo hana budi kufikiri ni nani atakayemlisha wakati yeye hayupo.

Huyu wetu nilimrithi mwaka 2016 kwa marehemu mjomba wangu, huko Machakos. Mjomba alikuwa na kibali cha serikali, nami nilikwenda kwanza katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori kuomba kibali kwa jina langu mwenyewe kabla ya kumchukua mnyama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini nyumbani pasipo kibali. Kobe si kuku. Amtwaaye porini, au amnunuaye kwa mchuuzi wa barabarani, avunja sheria, na adhabu yake si ndogo. Ukimkuta kobe akivuka barabara, msaidie kufika upande ule alioukabili, kisha uende zako.

Katika ukingo wa gamba lake mna tundu. Mtu aliyekuwa naye zamani, kabla ya mjomba, alitoboa apitishe waya ili amfunge mtini kama mbuzi. Yafaa wasomaji wajue ya kuwa gamba la kobe si nguo wala sanduku. Ni mfupa ulio hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, nao una damu na mishipa ya fahamu. Kutoboa gamba ni sawa na kumtoboa mtu mfupa. Dawa ya kumzuia kobe ni ukuta, wala si waya.

Basi tulianza na ukuta. Tulipima uwanja wa hatua ishirini kwa hatua kumi na tano, penye mteremko mdogo ili maji ya mvua yasisimame. Ukuta ni wa mawe, kimo chake futi mbili, na msingi umezama chini kidogo. Hatukutumia wavu, kwa sababu kobe akiona nje hutaka kupita hapo. Atasukuma mchana kutwa hata ajichubue uso. Akikutana na jiwe huligeukia, akashika njia nyingine. Ndani ya uwanja tuliacha nyasi zimee, tukapanda vichaka vichache vya kivuli, na upande mmoja tukaweka mawe bapa yanayopata jua la asubuhi. Miti yenye sumu, kama vile mwoleanda, tuliing'oa yote.

Nyumba yake ni kibanda cha mbao, sakafu imeinuliwa juu ya udongo, paa ni la mabati yaliyofunikwa nyasi, na mlango waelekea mashariki. Ndani mna nyasi kavu za unene wa shubiri moja. Kobe hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hulipata kutoka jua na mahali alipo. Usiku wa mwezi wa Julai kule Machakos una baridi kali, kwa hiyo jioni hushusha magunia mlangoni. Baridi pamoja na unyevu humletea mafua, na mafua ya kobe mara nyingi huingia mapafuni. Ukiona mapovu puani, au anapumua akiwa amefungua kinywa, usingoje kesho: mwite daktari wa mifugo.

Kuhusu chakula, makosa ya watu ni kumpa kobe kile wanachokula wao. Mkate, ugali, nyama na maziwa havimfai kabisa. Kobe wa madoa ni mla nyasi. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi, mbichi au zilizokaushwa, na juu yake magugu ya shambani, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Matunda matamu humharibu tumbo. Tena huhitaji chokaa kwa ajili ya mifupa na gamba. Porini huitafuta mwenyewe. Huguguna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi hukila kwa sababu kimejaa unga wa mifupa. Sisi humsagia maganda ya mayai, na rafiki akija kutoka pwani humletea mfupa wa ngisi. Lakini chokaa pasipo jua haina faida, maana ni jua liuwezeshalo mwili wake kuitumia. Kobe mchanga anayefungiwa chumbani hupata gamba laini na miguu iliyopinda, hata akishiba kila siku.

Maji hutiwa katika sufuria bapa, kina chake kisipite kidevu chake. Hunywa kwa kutia uso wote majini, akanyonya taratibu, na pengine akaingia mzimamzima. Hapa kuna jambo ambalo wageni wetu hawalijui. Kobe huweka akiba ya maji katika kibofu chake. Akinyanyuliwa ghafula, kwa hofu huimwaga yote, na wakati wa kiangazi hasara hiyo yaweza kumdhuru sana. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna ruhusa ya kumnyanyua kwa mchezo. Akishikwa kwa haja ya kweli, hushikwa kwa mikono miwili, na aliyemshika hunawa kwa sabuni, kwani kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Wenye mifugo nao wana sababu ya kusikiliza. Kupe wa kobe wa madoa wengine waweza kueneza ugonjwa wa maji ya moyo, uuao ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni kwa hofu hiyo serikali ya Marekani ilikataza mwaka 2000 kuingizwa kwa kobe wa aina hii nchini humo. Kwa hiyo uwanja wake uko mbali na zizi, na kila Jumamosi tunamkagua shingoni na mapajani. Kupe huondolewa kwa koleo ndogo. Dawa ya josho la ng'ombe haitumiwi, kwa maana yaweza kumwua.

Taratibu hizi zote zilikuwa zikiendeshwa na mimi mwenyewe mpaka mwaka 2023, nilipopata barua ya uhamisho kwenda Ol Kalou. Karani hachagui kituo chake. Lakini Ol Kalou ni nchi ya juu, yenye baridi na ukungu, nayo si nchi ya kobe wa madoa. Jirani mmoja alinishauri nimfungulie mlango aende zake porini. Mwingine aliniletea mtu aliyetaka kumnunua, akadai damu yake ni dawa. Huyo nilimwonyesha mlango. Ushauri wa kwanza ulikuwa mwema kwa nia, ila nao haufai: kobe aliyekaa muda mrefu na watu huweza kuwapelekea wenzake wa porini maradhi, na kumfungulia si ruhusa ya mwenye kibali. Maafisa waliniambia ya kuwa nikishindwa, nimrudishe kwao.

Jioni ile niliketi na bibi yangu na binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bibi yangu alisema wazi kwamba ana shamba, ana mama mkwe mgonjwa, na hawezi kuongezewa mzigo kwa sababu tu mzigo huo ni mpole. Alisema kweli. Binti ndiye aliyeomba kazi hiyo. Sikumkubalia upesi. Nilimtaka aifanye kwa miezi miwili, nikiwa bado nyumbani, bila mimi kumkumbusha. Aliifanya. Ndipo nikanunua daftari, tukaandika pamoja: asubuhi, osha sufuria na utie maji mapya, tazama macho na pua, mchana, hakikisha kivuli kipo, jioni, hesabu kama amekwisha ingia, kisha shusha gunia. Kila mwisho wa mwezi hupimwa kwa mizani ya mahindi, na uzito huandikwa, kwa kuwa kobe hafichui ugonjwa wake usoni bali uzito husema mapema. Bibi yangu naye alikubali kusimamia siku za mitihani.

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Waliozaliwa huko waliongezeka, kisha wakaibwa hata wakabaki wachache sana, mpaka walipojengewa ua na kuwekewa walinzi. Mnyama huyu avumilia kiangazi, njaa na miaka. Asichoweza kuvumilia ni kuachwa mikononi mwa watu wasiojali.

Ndugu msomaji, ukiwa na kibali, uwanja, ukuta na jua, bado umebakiwa na sharti moja. Andika jina la atakayekupokea kazi, na mtu huyo awe ameikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Usipopata wa kumwandika, mwache kobe katika nyika yake.