Sarafu ya Peni Mbili

Utotoni kwetu Handeni silaha yangu ilikuwa manati: panda ya mpera, mipira ya tyubu ya baiskeli, na kipande cha ngozi ya kiatu. Tetere akiruka, unaokota jiwe jingine. Hakuna aliyehesabu shabaha tulizokosa.

Kwa hiyo mzee mkulima, jirani yangu huku Norfolk, Uingereza, aliponiruhusu nipunguze sungura waliokuwa wakimaliza ngano yake, nilidhani kilichobaki ni kununua bunduki ya upepo na kubandika sufuria. Nikachukua ya bei ya chini kuliko zote dukani. Boksi lilitangaza kasi ya risasi kwa tarakimu nyekundu, na darubini nilipewa bure.

Tarakimu zile zilinipumbaza. Sheria ya hapa England inasema bunduki ya upepo isiyo na kibali cha polisi isizidi futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi. Ya bei mbaya na ya bei chee zote zinagota hapo hapo. Pesa ya ziada hainunui nguvu. Inanunua mtutu mzuri, triga laini, na springi isiyolia kama kitanda cha gesti. Tena bunduki ya springi hupiga teke mara mbili: hurudi nyuma pistoni inapoondoka, kisha huruka mbele pistoni inapogota. Teke hilo la pili ndilo linaloua darubini za bure. Yangu haikumaliza mwezi.

Lakini si darubini iliyoniuma. Jioni moja nilimpiga sungura kwenye mita 35, nikampata kiunoni. Alijikokota kwa miguu ya mbele hadi shimoni, akaingia. Nilipiga magoti pale nikaingiza mkono hadi begani. Udongo baridi, basi. Mzee aliona yote kutoka kwenye trekta lake na hakusema neno.

Kesho yake alikuja na kadibodi na sarafu ya peni mbili, ambayo upana wake ni kama milimita 26. Akaizungushia kalamu, duara baada ya duara. "Hiki ndicho kichwa chake, kati ya jicho na sikio," akasema. "Anza karibu, rudi nyuma mpaka uanze kukosa. Halafu sogea mbele tena. Hapo ndipo pako."

Niliuza ile bunduki kwa hasara nikanunua Weihrauch ya mtumba, ya kukunja mtutu, kitako kimechubuka lakini springi nzima. Kilichobaki nikanunulia risasi za aina tano, maana kila mtutu una chakula chake. Wangu ulizikataa zile ghali. Nikajifunza pia kutoibana bunduki. Ukiikaba inatawanya, ukiilaza kiganjani kama kitoto kilicholala, inatulia.

Mita 20, risasi kumi zote ndani ya duara. Mita 25, nane. Mita 30, tano. Niliitazama ile kadibodi ya tatu kwa muda mrefu, kwa sababu kabla ya hapo ningekuapia kwamba mimi ni mtu wa mita 40. Niliwahi kupiga kopo kwenye mita 40, mara moja, na habari hiyo nimeisimulia harusini na misibani. Ndivyo nilivyoombea kazi, ndivyo nilivyochukua mikopo: kwa kujipima na ile risasi moja ya bahati. Walioumia kwa zile nyingine walikwenda kuugulia mashimoni, nisiwaone.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue ipi, nunua ya mtumba iliyotunzwa, yenye nguvu ya kisheria tu, na ubakize pesa ya mikebe ya risasi na kadibodi.

Jumamosi iliyopita sungura mmoja mnene alikaa ukingoni mwa ngano, kama mita 28, akijisafisha masikio. Nilijaribu kumsogelea kwa tumbo, akanyanyuka, akaondoka. Nyumbani tulikula maharage.