Gundi, Nta na Ngozi ya Mgonjwa



Wapendwa waamini, baada ya kila harusi kanisani petu hubaki mabaka ya selotepu nguzoni na mabenchini, na baada ya Mkesha wa Pasaka matone ya nta hutapakaa sakafuni, vitambaani na vidoleni mwa watoto. Tumekwisha kuona kisu kikitumika kuyaondoa. Tumeona hata petroli, nayo twaikataza hapa waziwazi: mvuke wake husambaa na kuufuata moto ulio mbali, na kanisani mshumaa haukosekani.

Waliokulia penye mifenesi wanayo elimu iliyo bora. Mpasua fenesi hujipaka mafuta ya nazi mikononi, akakipaka na kisu, kabla hajaanza kazi. Aliyesahau akakimbilia maji hujuta, kwa maana utomvu hauyeyuki majini. Akirudi kwenye mafuta, unalegea. Ndivyo zilivyo gundi nyingi za lebo na selotepu. Mafuta ya kupikia yakikaa juu yake kwa robo saa hivi, gundi hufutika kwa kitambaa, ndipo sabuni na maji ya vuguvugu vikayaondoa mafuta yenyewe. Hata Krisma, ambayo ni mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na balsamu, haiondoki kwa maji matupu. Ndiyo maana Askofu amalizapo kutoa Kipaimara huletewa limau, kipande cha mkate na sabuni. Watoto hudhani mkate ule ni wa kuliwa. La, ni wa kunyonya mafuta vidoleni.

Lakini kabla ya kuuliza gundi ni ya namna gani, yafaa kuuliza imeshika nini. Kioo huvumilia mafuta, huvumilia na kukwaruzwa kidogo. Benchi la mbao isiyopakwa vanishi huyanywa mafuta na kubaki na doa baya kuliko lile la kwanza. Hapo twasugua kwa kidole kikavu, polepole, mpaka gundi ijiviringe. Nta iliyodondokea kitambaa cha altare iachwe igande kabisa, au iwekewe barafu, ibanduliwe kwa ukingo wa kijiko, kisha mabaki yanyonywe kwa karatasi tupu chini ya pasi yenye joto la kadiri. Gazeti lisitumike, kwa kuwa wino wake huhamia kitambaani. Mwenye shamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, aliwazuia watumishi wake wasing'oe magugu. Hakuyapenda magugu, aliihofia ngano iliyokua pamoja nayo.

Hofu hiyo hutushika zaidi tunapowapelekea wagonjwa Komunyo. Ngozi ya mzee huwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na plasta ikivutwa kwa nguvu huweza kuondoka nayo. Katika nyumba moja tulimkuta bibi aliyetoka hospitalini, plasta ingali mkononi pale ilipochomwa sindano ya dripu. Mjukuu wake, kwa upendo kabisa, alitaka kuivuta kwa mkupuo mmoja ili maumivu yapite upesi. Bibi hakusema neno. Aliuficha mkono chini ya khanga.

Tuliomba mafuta ya nazi. Mjukuu akayadondosha kwenye kingo za plasta, akayapapasa yapenye, akangoja. Kisha akaukunja ukingo urudi nyuma ukilala karibu na ngozi, bila kuuinua juu, akifuata upande wa malaika ya mkono, huku kidole cha mkono wa pili kikiikandamiza ngozi pale inapoachia. Kila palipogoma aliongeza tone. (Ingekuwa plasta iliyofunika kidonda au mshono, tungemwachia muuguzi, na spiriti huchoma na kuikausha ngozi ya namna hiyo.) Tulisali makumi mawili ya Rozari kabla haijatoka yote. Chini yake ngozi ilikuwa nzima. Akauosha mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaukausha kwa kuugusagusa na kitambaa laini.

Ndipo bibi akautoa na mkono wa pili, akatunyoshea yote miwili, nasi tukampaka Mafuta ya Wagonjwa katika paji la uso na mikononi. Pamba ya mafuta ya nazi ilitupwa jalalani. Ile ya Mafuta Matakatifu tulirudi nayo parokiani, tukaichoma.

Jumapili njema kwenu nyote.

Paroko wenu