Robota

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa mizani. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, nilikaa ghalani na kalamu sikioni, nikiandika jina la mkulima, namba ya robota, daraja na uzito. Harufu ya tumbaku huwezi kuivua na shati. Mke wangu alikuwa akiikuta hadi kwenye mto.

Msimu mmoja mzee fulani alileta marobota manne, yameshonwa vizuri kwa kamba ya katani. Nikapima la kwanza. Mkubwa wangu, aliyesimama nyuma yangu, akaninong'oneza nikate kilo tatu za unyevu. Unyevu gani? Tumbaku ile ilikuwa kavu, ukiigusa inalia kama karatasi. Nikakata. Mzee alikuwa ameukodolea macho mshale wa mizani. Hakusema neno. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akabonyeza pale nilipomwonyesha, akaenda zake. Chama cha ushirika nilichokitumikia nakihifadhi jina, maana mwandiko ulikuwa wangu.

Siku za Jumapili nilikuwa na tabia ya kupanda baiskeli kwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 walipotoka Ujiji. Habari zao nilizijua kama kila mtoto wa shule alivyozijua: Mzungu kamtafuta Mzungu mwenzake, kampata. Kisha jirani yangu, mwalimu mstaafu, akanisimulia kilichotokea Kwihara mwaka uliofuata.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, na Halima mpishi akiwamo, wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kuelekea pwani. Oktoba wakaingia Kwihara. Hapo wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, akawashauri wamzike palepale, njia ya mbele ni mbaya. Wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji wakagoma kupitishiwa maiti. Basi wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, kulekule walikotoka, na maiti yenyewe wakaifunga upya ikawa kama robota la kitambaa. Februari 1874 wakaifikisha Bagamoyo.

Robota! Neno hilo nilikuwa nikiliandika mara mia kwa siku. Watu wale walikuwa na robota moja, wakaambiwa na mkubwa walitue, wakasema hapana. Mimi nimenong'onezewa tu, nimekata kilo tatu.

Usiku ule sikulala, ila sikuacha kazi kesho yake, nisidanganye. Barua ya kuacha kazi, nikatembeze wageni Kwihara, niliiandika mara tatu. Mbili za kwanza ziliwasha jiko. Mama akaniuliza, "Mwanangu, uache mizani ukaonyeshe watu ukuta wa udongo?" Mjomba, mstaafu wa reli, alikuwa mkali zaidi: "Wapagazi tuliwazika sisi, mwaka 1912 treni ilipofika hapa. Wewe unawafukua wa nini?" Ya tatu niliipeleka mikono ikitetemeka, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Mwaka wa kwanza wa kutembeza wageni tulikula kwa biashara ya mke wangu ya michembe na karanga. Hilo huwa nalisema mapema, kabla mtu hajanisifu. Baiskeli iliuzwa, Kwihara nikawa naenda kwa miguu, jambo ambalo kwa kazi hii si dosari.

Wageni wote huuliza Livingstone alilala wapi. Nawaonyesha. Kisha nawatoa nje, chini ya miembe, nawauliza wapagazi walilala wapi. Waliopo hutazamana. Kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka aende pwani akarudi, na mzigo wake, uwe pembe au kitambaa au shanga, ulikaribia kilo thelathini, mbali na mkeka na chungu chake. Wapo wageni waliowahi kununa, wakasema wamelipia habari za Livingstone.

Maneno yakichosha, naleta gunia la mchanga. Anayetaka abebe, kutoka mwembe mmoja hadi wa pili. Wengi hulitua katikati, wakicheka, mkono kiunoni.

Mwaka jana shule moja ilileta watoto, na wazazi wachache wakaja nao. Miongoni mwao alikuwapo mzee na mjukuu wake. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso. Alisikiliza yote, ya Chuma na Susi, ya mabua ya mtama, fimbo kaishika kwa mikono miwili. Watoto walipomaliza zamu zao akasogea, akainama, akalinyanyua gunia kidogo kutoka chini, akaliachia.

"Lina kilo ngapi?"

"Thelathini, babu."

Akanitazama. Miaka ile yote, na macho yake yalikuwa yaleyale yaliyoukodolea mshale.

"Kwa mizani ya nani?"