Usiku Mmoja Mabira kwa Baiskeli

Wapo wafanyakazi wengi wadhanio kwamba safari ni jambo la likizo. Likizo ikifika, ada ya shule nayo imefika, pamoja na msiba wa kijijini na bati za nyumba ya mama mzazi. Basi safari huahirishwa mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao huwa vivyo hivyo. Wakati huo baiskeli imeegemezwa ukutani, ikingoja kupeleka mahindi mashineni.

Mwingereza mmoja, Alastair Humphreys, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli tangu mwaka 2001 hadi 2005, baadaye alitoa hesabu iliyonivutia mimi niliyesomea ualimu. Mtu wa ofisi hufungwa na kazi tangu saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Lakini tangu saa 11 hadi saa 3 ya kesho yake zipo saa 16, nazo ni zake. Hesabu ni sahihi, ila ni ya Ulaya, ambako wakati wa kiangazi jua huchelewa sana kutua. Kwetu, karibu na Ikweta, giza huingia mnamo saa 1 mwaka mzima. Tena saa hizo 16 si za mtu peke yake: wamo watoto, yumo mke, yamo na madumu ya maji.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa baiskeli, nyumba itengenezwe kwanza. Mke wangu ni muuguzi, na orodha ya zamu zake hubandikwa ukutani. Usiku wa zamu yake mimi hulala nyumbani, hapana mjadala. Siku ya safari, ifikapo saa 8 mchana, maji yamejaa, makaa yapo, na madaftari ya watoto yamekaguliwa. Mume amwachiaye mkewe kazi hizo, kisha akaita kuondoka kwake mapumziko, amemwongezea mwenzake mzigo tu. Ndugu zetu askari wanajua kuliko mimi kwamba ruhusa ya mkubwa hutangulia, na mahali pa kulala pajulikane.

Tuliopo Jinja huondoka Jumamosi saa 9 alasiri. Tunauvuka Mto Nile, tunaipita Njeru, na baada ya kilomita zipatazo 26 tunafika Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili. Uzuri wa njia usimsahaulishe mtu malori: barabara hii ndiyo ya mizigo itokayo Mombasa, na dereva wa lori hamwoni mpanda baiskeli gizani. Tupande pembeni, mmoja nyuma ya mwenzake, na tufike kabla ya jua kutua.

Mizigo isizidi uwezo wa keria: turubai na kamba, blanketi, chandarua, tochi, pampu, gundi na viraka. Chakula si haja kubeba, kwa maana Najjembe ni soko mashuhuri la kuku na gonja za kuchoma. Mabira ni hifadhi ya serikali. Kuna kituo cha wageni chenye mahali pa kupigia hema. Ulipe ada, ulale hapo walipokuonyesha, wala usikate mti kwa ajili ya moto. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya mvua, afadhali kungoja.

Alfajiri ndiyo malipo. Msitu huo una zaidi ya aina 300 za ndege, na kabla hakujapambazuka sawasawa huanza kuitana, hondohondo wakipita juu kwa kishindo cha mabawa. Chai ikinywewa saa 12, saa 3 tumekwisha kufika nyumbani.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mama watoto, akaenda na dada yake. Mimi nikabaki, nikapika uji. Walirudi saa 4 kasorobo na gonja zilizofungwa katika jani la mgomba, na gurudumu la nyuma likidai kiraka.