Sabuni Moja, Chumvi Mbili

Marereni. Basi la Garsen limenishusha asubuhi, na kabla sijafika kwenye mashamba ya chumvi jasho limeshaniloa. Maji ya bahari hupitishwa bwawa hadi bwawa yakikauka: ya mwanzo maangavu, ya mwisho mekundu-mekundu kama juisi ya mapera. Nimeteleza ukingoni, tope hadi viwikoni. Nanawa kwa maji ya bwawa la kwanza na kipande cha sabuni ya mche. Nasugua wee, povu halitoki. Kinachotoka ni ukoko mweupe unaonata vidoleni. Mama anayejaza magunia ananitazama.

“Utaimaliza bure, mwanangu. Sabuni na bahari havipatani.”

Kweli, ila mkorofi hasa si chumvi tunayotia mchuzini. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kalsiamu humo ni kama gramu 0.4 tu. Hicho kidogo ndicho chenye fujo, pamoja na magnesiamu. Ioni ya sodiamu ina chaji moja: hukigusa kichwa cha sabuni, ule upande wake wenye chaji hasi, ikaachia. Kalsiamu ina mbili. Hukamata vichwa viwili kwa mpigo, ikavigandisha.

Utando wa seli nao umejengwa kwa mafuta ya ukoo mmoja na sabuni: kichwa kinachopenda maji, mikia miwili inayoyakimbia, safu mbili zimelala mikia kwa mikia. Tando elfu kumi zikipangwa ndiyo kwanza zinakaribia unene wa unywele. Katikati, penye mafuta, ioni haipenyi kirahisi, maana imejivika maji. Inacheza juu, kwenye vichwa vya fosfati. Huko nako sodiamu ni mpita njia. Kalsiamu hung'ang'ania, huvivuta vichwa pamoja na utando ukakaza.

Magadi, siku tano baadaye. Matatu imeteremka toka Kiserian hadi joto likatupokea kama mdomo wa tanuri. Nimechota maji ya chemchemi upande wa kusini wa Ziwa Magadi. Vidole vinateleza hata sabuni sijaigusa. Nikaipaka. Povu si jingi (sodiamu ikirundikana nayo huizuia sabuni kuyeyuka), lakini ule ukoko haukuja. Kalsiamu haipo: kaboneti ya ziwa imeshaikamata na kuituamisha kama chokaa.

Nilidhani basi utando hapa unastarehe. Hata kidogo. Mafuta ya tando zetu yameungwa kwa esta, kiungo kilekile kinachokatwa na alkali sabuni inapopikwa, na maji haya ni alkali, pH karibu 10. Baadhi ya vijidudu vya humu, kama kile kilichopewa mwaka 1984 jina la Natronobacterium magadii, vimeunga mafuta yao kwa etha, ambayo magadi hayaikati. Ndugu zao wanaopaka mabwawa ya Marereni wekundu wana etha hiyohiyo. Vichwa vya mafuta yao vina chaji hasi nyingi, vinasukumana. Umati wa sodiamu ndio unaovituliza. Vitie vijidudu hivyo kwenye maji ya mvua, vinapasuka.

Jioni mikono yangu imepauka, ngozi inavuta. Mwenye hoteli amecheka.

“Pole, mgeni. Umenawa ziwani?”

Akanipa kopo la mafuta ya mgando. Hayo hayana esta.