Mgongo ulivyoniumbua Tlawi

Msinicheke, lakini mwaka juzi nilishindwa kufunga kamba za viatu. Kijana mzima, miaka ishirini na ushee! Mdogo wangu ndiye aliyeinama kunifungia, huku akijifanya haoni machozi yangu.

Chanzo ni vitunguu saumu. Kwetu Tlawi, kule ziwani Mbulu, ukirudi kutoka mjini hakuna cha ubishoo, unabeba gunia kama wenzako. Nikabeba. Mgongo ukalia "ka!", nikanyamaza. Si mnajua sisi wa Mbulu tumekuzwa na habari za Mzee John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa mwisho kati ya 57, mguu ukiwa na bendeji. Sasa mimi ni nani hadi nililie kiuno?

Basi nikajikaza miezi mitano. Kisha nikapelekwa kwa fundi wa kuchua, jamaa ana viganja kama jembe. Alinikandamiza kwa kiwiko hadi nikamwita mama. Kesho yake kitandani sikutoka, na kibarua changu cha kupanga mizigo dukani mjini kikaota nyasi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini. Akaniuliza, "Mdogo wangu, umeshawahi kuchuna mbuzi?" Swali gani hilo kwa Mmbulu! Akasema ule utando mweupe unaong'ang'ania kati ya ngozi na nyama, na ule unaovika kila msuli, hata sisi tunao. Wataalamu wanauita fashia. Una mishipa ya fahamu tele, kwa hiyo ukichokozwa unauma, na mwili ukiogopa maumivu unazidi kujikaza. Kumbe hata wasomi waliuchelewa. Mkutano wao wa kwanza wa kimataifa kuhusu utando huo ulifanyika Boston, Marekani, mwaka 2007.

Dawa yenyewe ilinikatisha tamaa kwa upole wake. Mpira wa tenisi, basi! Unausimamia ukutani, unauweka pembeni mwa uti wa mgongo, si juu ya mfupa, unauegemea kidogo na kupumua taratibu kama dakika moja na nusu, kisha unahamia pengine. Ukijikuta umekunja sura, umezidisha. Halafu unalala chali, unakumbatia goti moja moja. Alinieleza wazi kuwa mpira unalegeza kwa muda tu, ili uweze kutembea. Kazi kubwa ni kutembea kila siku. Na miguu ikifa ganzi, au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, achana na mpira, kimbia hospitali.

Wiki ya kwanza nikauegemea kwa nguvu zote kwa siri. Ubishi wetu ule! Nikaumia upya. Nikarudi kwenye upole kwa shingo upande, na wiki ya sita nikatembea hadi ziwani na kurudi.

Gunia sijabeba tena, na mwaka huu sibebi. Wapo wanaoniita mtoto wa mayai. Waniite tu, viatu najifungia mwenyewe.